Kitanzi cha Harriet

Kiatu kimoja cha theluji kilikuwa mguuni, kingine mkononi, na Harriet alikuwa akimtishia nacho mwanawe.

"Mama, baridi hii inakata masikio! Una miaka sabini na minane!"

"Masikio ni yangu. Fomu yako jaza jina lako, ukalale huko wewe."

Fomu ilikuwa ya nyumba ya wazee mjini, mwendo wa saa sita kwa gari kutoka kijiji chao cha Wakree, watu wa asili wa misitu ya kaskazini. Abel alihofia usalama wa mama yake kwa dhati, ila alikubali jambo moja: mama akileta sungura aliyemnasa mwenyewe kabla Jumamosi haijaisha, fomu itachomwa. Asipoleta, afungashe. Aliona amempa sharti jepesi. Utotoni mwake, mfuko wa mama haukukosa sungura msimu mzima wa theluji.

Siku nne Harriet alirudi mikono mitupu. Mara kitanzi kilikaa juu mno, sungura akapita chini. Mara waya ulifunguka. Kila alasiri aliketi na dada yake mkubwa, Louisa, wakikunja waya na kunong'ona. Abel akiingia, wananyamaza.

"Ni uzee tu," Abel alimwambia mkewe kwa uchungu. "Mikono imesahau."

Jumamosi, jua likikaribia kuzama, mlango ulifunguliwa kwa teke. Sungura mweupe aliyeganda kama gogo akatua mezani, juu ya ile fomu.

"Siendi popote!" Harriet alisema. Fahari ilimjaa hadi machozi yakamtoka.

Abel aliitupa fomu kwenye jiko la kuni, akamyeyusha sungura, akamchuna, akampika mchuzi wenye madonge ya unga. Paja nono akampakulia mama. Harriet akaisukuma sahani kwa Louisa, aliyeketi kando yake.

"Kula, mama, ni wako huyo!"

"Sili. Kware wako wa kwanza ulionjeshwa? Si uligaragara ukilia, wazee wakimmaliza mbele yako?"

Abel akacheka. "Ndiyo mila, lakini nilikuwa na miaka saba!"

"Mimi nikiwa na miaka saba nilikuwa shule ya bweni, nafua mashuka ya watawa. Serikali ilipowakusanya watoto wetu kwa nguvu, dada alifichwa porini, mimi nikakamatwa. Wale sungura wa mfukoni mwangu wote aliwatega yeye." Harriet akaufuta uso kwa kiganja. "Haya, wazee, kuleni. Mtoto wenu kaleta windo lake la kwanza."