Mafuta ya Juani

Raya alishuka ngazi akiwa ameikumbatia chupa. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameaminiwa kutengeneza mafuta ya kumsingia bibi harusi mwili, naye hakuyapika. Aliloweka maua ya langilangi katika mafuta ya nazi, akayaacha juani juu ya bati.

"Mafuta hupikwa, mwanangu," alisema Bi Nargisi, shangazi wa bibi harusi. "Wewe umeyaanika kama dagaa!"

Wanawake waliomzunguka bibi harusi wakacheka. Raya akainamisha kichwa. "Moto unafukuza harufu, shangazi."

"Haya, mimina. Yasiponukia tutatumia ya dukani, na kazi hii hupewi tena."

Raya akammiminia kiganjani. Bi Nargisi akanusa, akanusa tena. Kabla hajafungua mdomo, nyuki aliingia dirishani, akawazunguka wote, kisha akatua kwenye kiganja chake.

"Raya! Mwambie mgeni wako aondoke!"

"Si ufute mkono tu, shangazi," alisema bibi harusi, akicheka.

"Nifute mafuta haya? Thubutu!"

Akabaki amenyoosha mkono, hatikisiki, na dirishani nyuki wa pili alikuwa anaingia.