Nungunungu na Vita vya Ijumaa

Siku ile walikuwepo Nungunungu, Kanga na vifaranga wake, na Mwewe.

Nungunungu, aliyekuwa mchungaji, alikuwa ametabiri kwamba Ijumaa kutakuwa na vita vya mwisho, kisha Bwana arudi. Ijumaa ikafika, akasimama mlangoni pa shimo lake, miiba juu, akilinda mahindi aliyojiwekea kwa siku za dhiki. Mara Kanga akaja mbio na watoto.

"Simameni! Mko upande gani?"

"Upande wa wanaokimbia, mchungaji! Mwewe yuko nyuma yetu!"

Nungunungu akawapisha ndani. Mwewe alipoiona ile miiba, akageuka.

"Vita vimekwisha?" Nungunungu alinong'ona.

"Vimekwisha, baba. Umeshinda."

"Na mwisho wa dunia?"

"Usubiri kidogo," alisema Kanga. "Watoto bado wanakula mahindi yako."

Mahindi yaliisha Jumapili. Nungunungu hajataja tarehe nyingine.