Wajane Watatu

Mwanahalima aliacha kujipepea. Kijana msomi kutoka Chuo Kikuu, aliyekunywa chai jikoni kwake siku tatu akimhoji kuhusu chama chao cha kuzikana, sasa alikuwa akiisoma mbele ya ukumbi mzima wa semina, hapa hapa Tukuyu, siri iliyomponyoka kwenye mazungumzo.

"Chama hiki cha kuzikana," alisoma kwa fahari, "kimewasitiri wajane watatu waliokataa kuhamia kijiji cha ujamaa. Huu ndio moyo wa kujitolea!"

Hakuna aliyepiga makofi.

Ofisa wa Operesheni Vijiji, msimamizi wa kuwahamisha watu, aliyekaa meza kuu, aliinua uso. "Wako wapi hao wajane?"

Macho ya msomi yakamkimbilia Mwanahalima, na ukumbi wote ukageuka kumtazama.

Jasho lilimchuruzika shingoni hadi kwenye karatasi aliyobandikwa kifuani kwa pini, na wino wa neno MJUMBE ukaanza kuchujukia kwenye kanga yake mpya. Angeweza kukana. Lakini wanawake wale walikuwa ghalani kwake saa ile ile, nyuma ya magunia ya mchele, na askari wangewafikia kabla ya adhuhuri.

Akasimama.

"Wako kwangu, ndugu ofisa. Nenda mwenyewe, usitume askari."

"Kwa nini nisitume?"

"Mmoja wao ni mama yako, mwanangu. Hakwenda Kiwira kwa dada yako kama ulivyoambiwa. Anasema hahami, atazikwa kando ya baba yako."

"Mama?" alisema ofisa, na safari hii hakusema Kiswahili cha ofisini bali Kinyakyusa cha nyumbani kwao.