Limbukeni

Tangu apate miwani asubuhi, Mzee Kibwana alizunguka ua akisalimia kila kitu. Alimpa pole sisimizi aliyebeba punje ya mchele, na majirani wanaapa kwamba sisimizi aliitikia.

Mkewe, Bi Riziki, alijibanza jikoni. Kwa miaka yote ambayo macho ya mumewe yalikuwa na ukungu, uso wake yeye ulikuwa ukiingia makunyanzi. Hakutaka uonekane leo.

"Limbukeni mkubwa wewe," alimtania kupitia dirishani.

"Unajua neno hilo limetoka wapi?" Kibwana akasogea mlangoni. "Mahindi mapya yakiwa tayari, anayeonja wa kwanza ndiye anayelimbuka. Wasioalikwa wakaona gere, wakaligeuza tusi."

"Hayo ya gere umeyatunga sasa hivi."

"Basi limbukeni amefika kwenye mahindi yake. Utamfukuza?"

"Mahindi yenyewe yamekauka, bwana."

"Yaliyokauka ndiyo tunayoyatundika juu ya meko, tukayatazama mwaka mzima."

Bi Riziki akacheka bila kutaka. Kibwana akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Naye Bi Riziki, aliyekuwa amejifunika kanga hadi puani, akaanza kuishusha taratibu.