Somo la Kuficha Tovuti

Fundi wa kompyuta alicheka mpaka akaweka bisibisi mezani.

"Nani? Nani huyo atakayehangaika kutafuta picha za wajukuu zako, bibi?"

Bibi alikuwa amekaa kwenye stuli, mbele ya meza iliyojaa kompyuta zilizopasuliwa matumbo, daftari la shule magotini na kalamu mkononi. Shida yake alikwisha kuieleza mara mbili: familia inataka tovuti yake yenyewe, ya picha na salamu, na mtu wa nje akiitafuta mtandaoni asiione.

"Wewe nifundishe tu," alisema. "Kuitengeneza tutaitengeneza wenyewe."

"Wenyewe!" Fundi aliwageukia wateja wawili waliokuwa wakisubiri simu zao, ili nao wapate kicheko chao. "Mnamsikia? Juzi kajua kuwasha simu, leo anajenga tovuti."

Wateja wakatabasamu kwa adabu. Bibi akafungua ukurasa mpya.

Basi fundi akafundisha, kwa sauti ya mtu anayewatupia kuku punje. Kuna mstari mmoja wa maagizo, alisema, unauweka ndani ya tovuti. Unaiambia mitambo ya kutafutia: ya humu msiyaorodheshe.

"Hapo itakuwa imefichika?"

"Imefichika wapi! Hicho ni kibao tu cha 'usipite hapa'. Mwenye adabu anatii, mwizi anakipita huku anapiga mluzi. Weka na nenosiri. Na lisiwe jina la mjukuu wala mwaka wa kuzaliwa, maana nyinyi wanawake hayo ndiyo mnayoyajua."

Bibi aliandika kwa herufi kubwa, polepole. Fundi alihesabu pumzi akimsubiri.

"Na jina la tovuti?"

"La ukoo marufuku. Tafuta la kipuuzi. Sufuria. Kandambili."

"Kandambili," bibi alirudia, akaandika. Kisha akainua uso. "Sasa tuseme wewe fundi ndiye uliyefungiwa nje. Ungeingilia wapi?"

Swali hilo lilimkuna pale panapowasha. Fundi aliegemea kiti, akakunja mikono.

"Mimi? Nisingepoteza muda na tovuti. Tovuti haina mdomo. Ningeshika watu. Kila ukoo una mropokaji wake, shangazi fulani, binamu fulani, akiona picha nzuri hawezi kukaa nayo, lazima aibandike kwingine watu wamsifu. Na picha ina siri, bibi. Simu huandika humo ndani mahali ilipopigwa, hadi mtaa. Mwenyewe hajui, anachekelea tu."

"Inafutika hiyo?"

"Inafutika. Unazima kwenye simu kabla hujapiga, na zile za zamani unazisafisha moja moja. Lakini nani anakumbuka? Watu ni mabwege. Ndiyo maana mimi sijawahi kumkosa niliyemtaka."

"Hata mmoja?"

Fundi aliokota bisibisi, akaizungusha vidoleni.

"Yupo mmoja. Kaondoka na vilivyo vyangu. Mwezi uliopita picha moja tu, ya paka kalala dirishani, ilinipeleka mpaka mlangoni kwake. Nikakuta vyumba vitupu, sakafu haijakauka maji ya kudekia."

"Pole."

"Pole ya nini? Atapiga nyingine. Mjinga harekebishiki."

"Kweli," alisema bibi. "Hebu nionyeshe tena hapo pa picha. Kichwa changu kizito."

Fundi aliguna, akamnyang'anya kalamu. Akamchorea simu kwenye daftari, akaweka mishale, akaandika namba moja, mbili, tatu, pa kubonyeza na pa kuzima, kama anayemwandikia mtoto wa chekechea. Bibi alilipa ujira wake, akashukuru, akalikumbatia daftari.

"Ukisahau urudi, bibi!" fundi alimpigia kelele alipokuwa kizingitini. "Na kesho utakuwa umesahau!"

Safari hii wateja walicheka kwa sauti.

Bibi alipanda basi, akashuka, akapanda la pili. Alipitia sokoni, akaingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Alipobisha hodi, mwanamke kijana alifungua mlango kidogo, akamvuta ndani, akarudisha komeo. Watoto wawili walikuwa sakafuni wakigombania penseli za rangi.

"Ilikuwa ile picha ya paka," bibi alimwambia, akimkabidhi daftari. "Mengine yote yamo humu. Pa kubonyeza kaandika kwa mkono wake mwenyewe."

Mwanamke aliutazama mwandiko ule.

"Shangazi! Umekaa naye saa nzima, mume wangu asikutambue?"

"Anitambue wapi, mwanangu? Siku ya harusi yenu nilimpa mkono mara tatu, na mara zote tatu alikuwa akimtazama mtu aliyesimama nyuma yangu."