Sala ya Kulastara

Kulastara, ndege mweusi wa miguu mirefu, alisimama bwawani akatandaza mabawa kama mwavuli. Samaki wakaingia kivulini.

"Wapendwa, tufumbe macho tuombe," alisema.

Kila walipofika amina, mmoja hakuwepo. "Bwana amemtwaa," Kulastara alieleza kwa upole.

Siku moja Mama Perege, samaki aliyefiwa na mwanawe, alimkatiza. "Mchungaji, samaki ana kope?"

Kulastara akainamisha shingo kumtazama machoni.

"Hatuna. Macho yetu hayafumbiki. Jana ulimmeza mwanangu nikiona, na wote hawa waliona. Tulinyamaza eti wewe ni mtumishi wa Mungu. Aibu hiyo ni yetu. Tokeni, wenzangu, Mungu yupo hata juani."

Wakatoka wote. Kulastara akabaki na kivuli chake, na kwa mara ya kwanza akaomba chakula kwa Mungu.