Kopo la Dirishani

Ufunguo haukuwa chini ya godoro wala ndani ya viatu. Zuwena alipekua kitanda cha mwenzake mpaka jasho likamtoka. Wanariadha wengine wote wa kambi ya Itetemia walikuwa ukumbini wanamsikiliza daktari. Yeye alisema anaumwa tumbo.

Alichokitaka kilifungiwa sandukuni: kopo la unga wa kujenga misuli, ambalo Nyamizi alitumiwa na kaka yake kutoka Dar es Salaam. Tangu aanze kuunywa, Nyamizi alikimbia Jumatatu mpaka akatapika, na Jumanne akaamka kama hakukimbia. Zuwena aliamka miguu imekaza, hata kuchuchumaa chooni ni shughuli. Na nafasi ya kwenda mashindano ya taifa ilikuwa moja tu. Alimchukia yule binti wa kijijini Goweko kwa moyo wake wote.

"Mshamba kama wewe unajua nini na vitu vya kopo?" alimwuliza siku moja.

"Sijui kitu, dada."

Jioni ile Nyamizi aliporudi kutoka ukumbini alilitoa kopo, akalitazama kwa muda, akaliacha dirishani. Akaenda kuoga. Mjinga huyu, Zuwena aliwaza.

Kesho yake alinunua michembe sokoni, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaisagisha laini mashineni. Unga wa kopo akauhamishia kwenye mfuko wake, wa michembe akauweka mahali pake. Rangi ilikuwa ileile.

Kwa wiki tatu Zuwena alikunywa kwa kujificha, na miguu ikawa myepesi kweli. Nyamizi alikoroga wake kila asubuhi, akalamba na kijiko.

"Unga huu siku hizi unanikumbusha nyumbani," alisema.

Zuwena akageukia ukutani ili acheke.

Siku ya mchujo alimaliza wa kwanza. Nyamizi alifika wa pili, hatua kumi nyuma.

"Rudi Goweko ukalime tumbaku," Zuwena alimwambia kabla hata hajapumua.

Mama mmoja mwenye kitambulisho shingoni akamgusa Zuwena bega. "Mshindi, nifuate. Tunapima mkojo."

Nyamizi akampa chupa yake ya maji.

"Kunywa, dada, usiwacheleweshe. Siku ile ulipoumwa tumbo, daktari alitusomea majina ya dawa zilizokatazwa michezoni. La tatu limeandikwa kwenye kopo langu." Akajifuta jasho. "Ila michembe yako ilikuwa mitamu."